Kuizoea Dawa Si Kinga
Mwambie mtu mzima kwamba mabaka yaliyomtoka huenda yameletwa na diklofenaki anayomeza kila mgongo ukimsumbua, atakucheka. "Hii? Naitumia miaka yote, mwili umeshaizoea." Atalaumu sabuni mpya, dagaa wa jana, hata jirani mwenye kijicho. Kidonge hakimo kabisa kwenye orodha ya washukiwa.

Imani hiyo iko kichwa chini miguu juu. Mara nyingi mzio wa dawa huja baada ya kinga ya mwili kukutana na dawa hiyo na kuitambua. Chukua lile doa la mviringo, jeusi au la zambarau, linalozuka mdomoni, mkononi au sehemu za siri, likawasha na kuunguza, kisha likafifia na kuacha weusi. Rudia kidonge kilekile, nalo litaibuka palepale, pengine ndani ya saa chache tu. Seli za kinga zilizopigana mara ya kwanza hazikuondoka. Zimepiga kambi kwenye ngozi ya mahali hapo. Ibuprofeni huweza kulileta, aspirini pia, hata parasetamoli. (Likitokea sehemu za siri, mwenye ndoa hushukiwa zinaa kabla kidonge hakijashukiwa chochote.)

Na si kwamba hatuna woga. Tanzania ilipoiacha klorokwini mwaka 2001 na kuleta SP kutibu malaria, mitaani zilivuma habari za watu kubabuka, na wapo walioikataa dawa. Ugonjwa waliouogopa upo kweli, unaitwa Stevens-Johnson: malengelenge, vidonda vya mdomo na macho, ngozi kuchunika. Ni nadra sana, lakini unaua. Ila dawa za maumivu nazo zimo miongoni mwa visababishi vyake, hasa piroksikamu na meloksikamu, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya parasetamoli yenyewe. Mtaa haukushtuka. SP ilikuwa na kosa la ziada: ilikuwa ngeni.

Sisemi watu wakae na maumivu. Nasema wasijidanganye, wala wasidhani kuhama kidonge kunatosha. Aliyevimba midomo kwa aspirini anaweza kuvimba vilevile kwa ibuprofeni au diklofenaki, maana zote huzuia kimeng'enya kilekile mwilini.

Sasa mtu huyo aende dukani. Muuzaji anashika mkasi, anakata vidonge vinne, anavitia kwenye kikaratasi. Jina la dawa limebaki dukani. Usiku akitokwa na malengelenge, daktari atamuuliza amemeza nini, naye atajibu: "Dawa ya mgongo, vile vidonge vyekundu." Muuzaji aandike jina juu ya kikaratasi hicho. Na mnunuzi aliyewahi kutokwa na doa alitaje kabla mkasi haujashikwa, hata kama dawa hiyo anaitumia tangu ujanani.