Walioupanua mlango, na sisi tulioufunga

Barabara ya Kawawa, inayopita Magomeni kuelekea Kinondoni, ina jina la Rashidi Kawawa, katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955, na Waziri Mkuu wetu kuanzia Januari 1962. Katikati ya vyeo hivyo viwili alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, LEGCO. Jina la barabara hutajwa na makondakta kutwa nzima, lakini Baraza lenyewe limeachiwa wanafunzi wa historia, kana kwamba lilikuwa la wakoloni tu na halituhusu. Mimi naona linatuhusu leo kuliko wakati mwingine wowote, hasa sisi wa Temeke na Kinondoni. Wajumbe wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza lile waliingia kwa mlango mwembamba kupita kiasi, na walipofika ndani wakaupanua. Katika uchaguzi uliofuata mlango mmoja ulikuwa wazi ambao baadaye tuliufunga kwa mikono yetu wenyewe: haki ya raia kugombea bila kudhaminiwa na chama cha siasa.

Baraza lilianza Desemba 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, na kila aliyekaa humo aliteuliwa na Gavana. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja kwa karibu miaka 20, mpaka mwaka 1945 walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Uchaguzi ulipokuja Septemba 1958 na Februari 1959, ulikuja na masharti ambayo leo mtu hayasomi bila kushtuka. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au ashike wadhifa uliotambuliwa na serikali. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani 250 kwa mwezi, fedha ambazo kibarua wa bandarini au mtumishi wa nyumbani Oyster Bay hakuzikaribia. Juu ya hayo kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu; akiacha mmoja, kura yake yote ilihesabiwa kuwa imeharibika. Katika nchi iliyokaribia watu milioni tisa, walioandikishwa hawakuvuka sana 60,000. Sehemu kubwa ya watu waliokuwa wakihamia Magomeni, Temeke na Kinondoni, vitongoji vilivyopangwa kwa ajili ya Waafrika mbali na Uzunguni na Uhindini, walikuwa watazamaji.

TANU iligawanyika kwa sababu ya masharti hayo. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipoamua kushiriki, Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake, akiamini kwamba kuingia katika uchaguzi wa kura tatu ni kukubali ubaguzi uliomo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na anastahili kusomwa kwa heshima kuliko anavyosomwa. Jibu lake lilitolewa na matendo ya walioingia. Wajumbe wa kuchaguliwa waliungana katika kundi moja lililoongozwa na Julius Nyerere, Waafrika, Waasia na Wazungu pamoja. Mwaka 1959 watano kati yao wakawa mawaziri: Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Amir Jamal na Derek Bryceson. Hawakuridhika na viti hivyo. Walishinikiza masharti ya kura yalegezwe, na kamati ya Sir Richard Ramage ikapendekeza hivyo. Uchaguzi wa Agosti 1960 ukafanyika kwa sharti la kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kipato cha pauni 75. Daftari likaruka hadi karibu watu 885,000. Watu waliochaguliwa na wachache walitumia mwaka mmoja na nusu kuifuta sheria iliyowachagua.

Jambo hili si la kawaida katika mabunge ya makoloni. Koloni la Rasi, kule Afrika Kusini, lilipata katiba mwaka 1853 iliyomruhusu kupiga kura mwanamume yeyote mwenye mali ya pauni 25, bila kujali rangi yake. Waafrika walipoanza kuandikishwa kwa wingi, wajumbe wa kuchaguliwa wa bunge hilo walibana masharti ya uandikishaji mwaka 1887, kisha mwaka 1892, chini ya Cecil Rhodes, wakapandisha kiwango hadi pauni 75 na kuongeza sharti la kuandika. Hawakulazimishwa na Gavana wala na London. Walikwisha kuingia ndani, wakaona wengine wanakuja nyuma yao, wakafunga.

Turudi Agosti 1960. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU ambaye chama kilimsimamisha mtu mwingine mahali pake. Sarwatt aligombea kwa jina lake mwenyewe, wananchi wa Mbulu wakampa kura. Alipoingia Barazani alikaa upande wa TANU, na nchi haikutikisika. Sheria ya mkoloni, pamoja na ubaya wake wote, ilimruhusu. Sheria yetu isingemruhusu. Mwaka 1965 tulipokuwa nchi ya chama kimoja, mgombea alilazimika kupitishwa na chama. Mpiga kura alibakiwa na kuchagua kati ya jembe na nyumba, wote wawili wa chama hichohicho. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 kamba ile haikukatwa, iligawanywa tu kwa vyama vingi. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na ibara ya 71 inamwondolea kiti mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka.

Maana yake kwa wakazi wa pembezoni mwa jiji ni nzito. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Tandale, Mbagala au Tandika kuna watu ambao mtaa mzima huwakimbilia maji yakiingia majumbani, msiba ukitokea, au mama lishe wakihamishwa walipozoea kuuza. Wengi wao hawana kadi ya chama na hawataki kuwa nayo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuendesha kikoba, kamati ya msikiti au ya jumuiya ya kanisa, chama cha bodaboda wa kijiweni, lakini akitaka kuwasemea watu walewale bungeni anaambiwa apige hodi kwanza kwenye ofisi ya chama. Huko, katika kura za maoni na vikao vya uteuzi, watu wachache sana ndio wanaoamua nani afike mbele ya maelfu. Hilo nalo ni sharti la kura. Tofauti yake na la 1958 ni kwamba lile lilimbana anayepiga, hili linambana anayepigiwa.

Wapo wanaosema mgombea binafsi ataleta matajiri watakaonunua majimbo, au watu watakaogombea kwa ukabila na dini. Woga wa fedha ni wa haki. Lakini fedha hazijawahi kuogopa kadi ya chama, na ndiyo sababu tulitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi mwaka 2010. Iliyobaki ni kumbana mgombea binafsi kwa sheria hiyohiyo na kumtaka saini za wapiga kura wa kutosha katika kata zote za jimbo, ili asiwe wa kabila wala msikiti mmoja. Wengine wanahofia bunge lisilo na nidhamu. Kenya imewaruhusu wagombea binafsi kwa Katiba ya 2010, na Uganda wamefika makumi bungeni. Mabunge yote mawili yanapitisha bajeti zao kila mwaka. Yapo pia maoni kwamba suala hili ni la wanasiasa, si la mahakama, na Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 2010 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila. Basi na wanasiasa walifanye. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilimtambua mgombea binafsi.

Kinachotakiwa ni kurekebisha ibara ya 39 kuhusu urais, na ibara za 67 na 71 kuhusu ubunge. Wabunge wa Temeke, Mbagala, Kawe na Kinondoni wanaweza kupeleka hoja hiyo wenyewe, bila kungoja serikali. Wote waliingia bungeni kwa mlango wa chama, kama wajumbe wa 1959 walivyoingia kwa mlango wa kura tatu.