Tairi la Pikapu ya Umeme Lichaguliwe kwa Hesabu

Tairi ndilo sehemu pekee ya gari inayogusa barabara. Kazi yote ya mota, breki na usukani hutimia au hushindwa hapo. Hata hivyo, wakati wa kubadilisha matairi watu wengi huongozwa na macho: hutaka gurudumu kubwa na pana kwa kuwa laonekana kuwa na nguvu. Kwa maoni yetu, desturi hiyo haifai kwa gari lolote, na kwa pikapu ya umeme yaweza kuhatarisha maisha.

Tuchukue mfano wa F-150 Lightning, pikapu ya umeme ambayo kampuni ya Ford ilianza kuiuza Marekani mwaka 2022. Kwa sababu ya betri yake, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 2,700 kabla ya kupakiwa chochote. Mota zake mbili zilitoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 1,050, na mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa tangu gari linapoanza kusogea. Tairi la gari la namna hii lina kazi ya kubeba na kuvuta kwa pamoja, na hapana budi lichaguliwe kwa makini.

Baadhi ya pikapu hizo zilikuwa na matairi yenye alama 275/60R20. Maana yake si fumbo. Namba 275 ni upana wa tairi kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya upana huo. R huonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Na 20 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Basi ubavu una milimita 165. Tukijumlisha bavu mbili na rimu ya milimita 508, twapata kipenyo cha milimita 838.

Tuseme mwenye gari amependa tairi la 285/65R20. Kwa kanuni ile ile, kipenyo chake ni karibu milimita 879, yaani kimezidi kwa asilimia 4.8. Ikiwa kompyuta ya gari haikurekebishwa, spidomita itakapoonyesha kilomita 80 kwa saa, mwendo halisi utakuwa karibu 84. Aidha, gari likisafiri kilomita 105, litahesabu 100 tu, na dereva ataona kwamba betri imekwisha mapema kuliko ilivyokwisha. Kadhalika, nguvu ya kusukuma ardhi hupungua nusukipenyo kinapoongezeka. Gari la petroli hupunguziwa gia. Lightning ilikuwa na gia moja tu.

Lakini jambo zito zaidi ni mzigo. Baada ya alama za ukubwa huandikwa fahirisi ya uzito. Fahirisi 107 ina maana kwamba tairi laweza kubeba kilo 975, na 116 kilo 1,250, likiwa na upepo wa kutosha. Mathalani, pikapu iliyopakiwa ina kilo 3,800. Matairi manne ya fahirisi 107 yana uwezo wa kilo 3,900, na mtu asiye mwangalifu atasema yatosha. Sivyo. Mzigo haugawanyiki sawasawa. Ikiwa ekseli ya nyuma imebeba kilo 2,100, kila tairi la nyuma lina kilo 1,050, yaani 75 zaidi ya uwezo wake. Tairi lililozidiwa hupinda mno, hupata joto, na huweza kupasuka gari likiwa katika mwendo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wapo watakaosema kwamba barabara mbovu hudai tairi kubwa. Hoja hiyo ina ukweli, maana ubavu mrefu hupokea mashimo na mawe vizuri zaidi. Lakini ubavu waweza kurefushwa bila kukuza gurudumu zima, kwa kutumia rimu ndogo zaidi, mradi isigusane na breki. Ford yenyewe iliuza pikapu hiyo kwa rimu za inchi 18, 20 na 22, huku vipenyo vya matairi vikiwa karibu milimita 815, 838 na 834. Tena rimu kubwa haina faida ya umeme. Katika vipimo rasmi vya Marekani vya mwaka 2022, gari la daraja la Lariat lenye betri kubwa na rimu za inchi 20 lilipewa maili 320; la daraja la Platinum, lenye rimu za inchi 22, lilipewa 300. Sehemu ya tofauti hiyo yatokana na uzito, wala si rimu peke yake.

Basi utaratibu uwe huu: kwanza fahirisi ya uzito isipungue ile ya kiwanda, pili kipenyo kisibadilike ila kidogo, tatu matairi yote manne yalingane, sura ije mwisho.

Alama hizi hutumika hata katika magari yaliyo karibu na shule zetu. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapeleka wanafunzi wakazisome, wakatafute kipenyo, mzingo na mzigo. Asilimia watakazozipata huko zitakuwa na maana, kwa sababu uhai wa abiria unazitegemea.