Sai Haikutoka Shambani

Hoja inayochapishwa kila mara katika majarida ya karate inadai kwamba jimbo la Kijapani la Satsuma lilipoivamia Okinawa mwaka 1609, wakulima walinyang'anywa silaha, wakageuza zana za shamba kuwa silaha za kupambana na samurai. Hadithi ni tamu. Ushahidi wake ni haba.

Kwanza, udhibiti wa silaha ulitangulia uvamizi huo. Mfalme Sho Shin, aliyetawala Ryukyu, ufalme wa Okinawa, kuanzia 1477 hadi 1526, ndiye aliyekusanya panga na pinde chini ya mamlaka ya ufalme.

Pili, wengi wa waliorithisha mafunzo ya silaha hizo hawakushika jembe. Matsumura Sokon alikuwa mlinzi wa wafalme mjini Shuri. Kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa) maarufu ya fimbo ndefu, Sakugawa no Kon, inahusishwa na Sakugawa Kanga, mtu wa tabaka la watumishi wa ufalme. Nayo sai ilibebwa na maofisa wa usalama waliokamata wahalifu. Chuma kile chenye ncha tatu hakilimi wala hakivuni.

Je, watu wa kawaida hawakuchangia chochote? Walichangia. Kasia la wavuvi, eku, linafundishwa hadi leo, pamoja na mbinu ya kumrushia mpinzani mchanga machoni. Lakini kasia moja halithibitishi uasi wa wakulima.

Mwalimu anayeing'ang'ania hadithi hiyo anashindwa kumweleza mwanafunzi kwa nini sai ina mikono miwili ya pembeni: kunasa silaha ya mshukiwa na kumdhibiti bila kulazimika kumuua.