Kijana akilalamika viungo, asikilizwe moyo

Lipo neno moja jepesi kulitamka ambalo limewakosesha vijana wetu wengi haki ya kutibiwa. Neno hilo ni uvivu. Kijana wa miaka 20 na kitu huamka asubuhi goti moja limevimba na lina moto. Baada ya siku mbili goti limepoa, lakini kifundo cha mguu ndicho kinachouma. Wiki inayofuata maumivu yamehamia kwenye kiwiko. Akipanda ngazi chache moyo humwenda mbio kama aliyefukuzwa. Ikifika alasiri hana tena nguvu hata ya kunyanyua ndoo ya maji. Ukimtazama ni mzima: hana jeraha, hana bandeji, na uso wake ni wa ujana. Ndipo wakubwa wanapomwambia kwamba wao katika umri huo walikuwa shambani tangu alfajiri, na mkuu wake wa kazi anapomwandikia barua ya onyo.

Tunalizungumza jambo hili kwa sababu linawagusa watu wa namna mbili wanaousoma ukurasa huu: wale walio na kijana kama huyo nyumbani, na wale waliokabidhiwa dhamana ya hospitali, skuli na maofisi anamopita.

Sisi watu wa visiwani tuna maelezo tayari kwa kila maradhi. Msichana anayelima mwani Paje au Jambiani akiumwa na magoti, husemwa kwamba baridi ya maji ya bahari imemwingia. Mvuvi wa dagaa akikakamaa viungo, ni umande wa usiku. Mchumaji karafuu akihisi moyo unapiga vibaya akiwa juu ya mkarafuu, ni khofu ya kuanguka. Binti wa chuo akichoka, ni mitihani, au ni mapenzi. Maelezo yote haya yana ukweli wake, na hapo ndipo penye hatari; kwa kuwa yanaingia akilini, hapana anayeuliza zaidi.

Yanapokwisha maelezo ya kazi, huja ya mashetani. Tuseme wazi kwamba hatuna ugomvi na dua wala kombe. Mtu mwenye khofu hupata utulivu kwa kusomewa, na utulivu ni faida kwa mgonjwa yeyote. Tunachokigombania ni wakati. Mgonjwa anayezungushwa miezi sita kutoka kwa mganga huyu hadi yule, akifukizwa na kuchanjwa, huenda katika miezi hiyo akawa anapoteza kitu ambacho hapana mganga wala daktari atakayeweza kumrudishia kilivyokuwa.

Kitu hicho ni vilango vya moyo. Moyo wa mwanadamu una vilango vinne, ambavyo madaktari huviita vali, vinavyoipitisha damu upande mmoja na kuizuia isirudi. Yapo maradhi yanayoviharibu polepole, nayo huanzia mahali ambapo wachache wanapashuku: kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hupata mafindofindo yanayoletwa na vijidudu viitwavyo streptokoka. Akipewa penisilini mapema na kuimaliza, mambo kwa kawaida huishia hapo. Asipotibiwa, au akikatwa kimeo na kuachwa hivyo hivyo, huenda wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili, iliyokuwa ikipigana na vijidudu, ikageuka kuushambulia mwili wenyewe. Hii ndiyo homa ya rumatiki. Haimfiki kila mtoto aliyeumwa na koo; humfika mmoja kati ya wengi. Lakini anayefikwa, dalili yake mashuhuri ni maumivu yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo, kama yale tuliyoyaeleza hapo juu. Vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu huyaondoa kwa siku chache tu, na kila mtu nyumbani hushukuru. Kumbe maradhi haya hupita kwenye viungo kama mpita njia, na moyoni huweka maskani. Kila homa ile inaporudi, vilango huumia zaidi, hata mtoto yule akifika miaka 20 au 25 vimekwisha kukakamaa au kuvuja. Ndipo mapigo yanapokwenda mbio na uchovu usioelezeka unapoanza, na hapo hapana anayekumbuka koo la darasa la nne.

Maradhi haya yalikuwa ya kawaida Ulaya na Marekani hadi katikati ya karne iliyopita. Huko leo ni nadra, na yamebaki kuwa maradhi ya watu wanaolala wengi chumba kimoja na wanaokaa mbali na daktari. Hesabu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba vilango vilivyoharibiwa na homa hii huua watu zaidi ya 300,000 kila mwaka.

Wanawake vijana ndio wanaofikwa zaidi, na kwao mtihani mkubwa ni mimba. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu. Kilango kilichobana, kilichokuwa kikimudu kazi yake kwa tabu na kwa siri, sasa huelemewa. Mama kijana hulalamika kwamba hapati pumzi akilala chali, moyo unamdunda, miguu imevimba. Na jawabu analopewa na mashoga zake, pengine hata na mkunga, ni kwamba mimba ndivyo ilivyo. Mara nyingi ndivyo ilivyo kweli. Hata hivyo, moyo wenye kilango kibovu mara nyingi hutoa sauti inayosikika kwa kile kipimo anachokivaa daktari shingoni, na kumsikiliza mja mzito mmoja hakumalizi dakika tano. Ni ajabu kwamba chombo hiki, ambacho kimekuwa alama ya udaktari katika kila picha, kinaning'inia shingoni muda mrefu kuliko kinavyokaa kifuani mwa mgonjwa.

Hatusemi kwamba kila kijana anayeumwa na viungo ana maradhi ya moyo. Upo ugonjwa wa lupasi, unaowashika zaidi wanawake vijana, ambao kwao pia kinga ya mwili huugeukia mwili, ukaleta maumivu ya viungo, uchovu mwingi, na pengine vipele vya uso vinavyozidi kwa jua. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hukimbia, mikono hutetemeka na mtu hukonda. Upungufu wa damu nao huuchosha mwili na kuuhangaisha moyo.

Na yapo maradhi yaliyobeba jina la kwetu. Chikungunya ilielezwa na madaktari kutokana na mripuko wa mwaka 1952 na 1953 katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, na jina lenyewe ni la Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyopindika kwa maumivu. Mwaka 2004 iliikumba Lamu. Mwaka 2005 ilifika Komoro. Kisha ikaingia Reunion, ambako katika 2005 na 2006 zaidi ya thuluthi moja ya wakazi waliugua. Ni maradhi yanayovijua visiwa. Huenezwa na mbu wanaouma mchana, na homa yake huisha kwa siku chache, lakini kwa baadhi ya watu viungo huendelea kuuma kwa miezi na hata miaka. Kijana aliyepimwa malaria akaonekana hana, akarudi nyumbani na magoti yanayouma mwaka mzima, ana haki ya kuulizwa na tabibu kama aliwahi kupata homa ya namna hiyo.

Mwisho wapo wale ambao kila kipimo hurudi safi. Dunia imelazimika kuwasadiki zaidi tangu UVIKO-19 ilipoingia mwaka 2020, kwa kuwa watu wengi waliopona walibaki na uchovu na mapigo ya moyo ya mbio kwa miezi mingi, miongoni mwao madaktari wenyewe. Kipimo safi kina maana kwamba kilichotafutwa hakikuonekana. Hakina maana kwamba mgonjwa anasema uongo.

Kwa kijana anayeishi katika hali hii, tungependa kutoa shauri la matumizi. Awe na daftari. Aandike tarehe, kiungo kilichouma, kama kilivimba au la, kilikaa siku ngapi, na alikuwa akifanya nini. Aweke vidole juu ya mshipa wa kiganja ahesabu mapigo kwa dakika nzima akiwa amepumzika, na tena moyo unapomwenda mbio. Kwa mtu mzima aliyetulia mapigo huwa baina ya 60 na 100. Daktari aliye na foleni ya watu hamsini hawezi kuifumbua hadithi ndefu, lakini kurasa mbili zenye tarehe atazisoma. Akumbuke pia kueleza habari za utotoni, za koo na za viungo. Na kama yeye hakumbuki, mama au nyanya yake atakumbuka. Ahudhurie kituo kimoja, asihamehame kila anapokata tamaa, maana anayeanza upya kila mwezi hubaki kila mwezi mwanzoni. Asinunue dukani vidonge vikali vya viungo na kuvimeza miezi mfululizo, kwani huumiza tumbo na figo. Zaidi ya hivyo ajihadhari na dawa za jamii ya prednisolone zinazouzwa kienyeji: humpa mtu nafuu ya ajabu kwa wiki moja, huficha ugonjwa daktari asiuone, na zikitumiwa muda mrefu kisha zikakatwa ghafla huleta hatari. Kazi nzito aigawe, afanye kidogo asubuhi na apumzike kabla ya kuchoka, wala siku ya nafuu asiitumie kulipa madeni ya wiki nzima. Lakini akizimia, akikosa pumzi usiku, akivimba miguu, au upande mmoja wa mwili ukilegea, hapo daftari liwekwe kando na akimbizwe hospitali.

Jamaa zake wana kazi moja iliyo ngumu kuliko kununua dawa, nayo ni kumsadiki. Anayeandamana naye kliniki na kusema "mimi nimeliona goti lilivyovimba" amemsaidia kuliko anayemwombea ajira nyepesi.

Sasa tugeukie upande wa wenye madaraka. Kuna visiwa vilivyotutangulia katika shughuli hii. Martinique na Guadeloupe, visiwa viwili vya Karibiani vilivyo chini ya Ufaransa, viliendesha mpango wa miaka kumi ulioanza mapema katika miaka ya 1980: wazazi na wauguzi wakafundishwa habari za mafindofindo na homa ya rumatiki, na wagonjwa wakaandikishwa na kufuatwa. Homa hiyo ilipungua kwa asilimia 78 Martinique na asilimia 74 Guadeloupe, na gharama za matibabu zikashuka pia. Huko Kuba, mkoa wa Pinar del Río ulifanya kazi kama hiyo kuanzia 1986 hadi 1996, na watoto wa skuli waliokutwa na vilango vibovu walishuka kutoka zaidi ya 2 katika kila 1,000 hadi chini ya 1. Fiji na Uganda wauguzi wamefundishwa kuutazama moyo kwa mashine ndogo ya kubebeka, bila ya kumngoja bingwa. Mwezi wa Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama, yetu ikiwemo, zipambane na maradhi haya.

Dawa yenyewe si ya kitajiri. Kijana aliyekwisha kupata homa ya rumatiki hukingwa isimrudie kwa sindano ya penisilini ya benzathine kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, na mwenye kilango kibovu huenda akaendelea nayo hadi umri wa miaka 40. Ni sindano ya zamani na ya bei ndogo. Ugumu wake ni kwamba haivumilii kukatika. Anayeambiwa dirishani "leo haipo, rudi wiki ijayo" ameachwa mlango wazi, na kwa mtu wa Kojani au Tumbatu, wiki ijayo ina maana ya nauli nyengine na siku nyengine isiyo na kipato. Kilango kikiharibika hadi kutaka upasuaji, safari ni ya Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au nje ya nchi, na gharama ya mgonjwa mmoja ni sindano za watu wengi kwa miaka mingi. Mhasibu yeyote wa Wizara anaweza kuifanya hesabu hiyo.

Tunaiomba Wizara ya Afya basi iagize kwamba kijana au mtoto yeyote anayekuja kituoni na maumivu ya viungo yanayohama asitoke kabla moyo wake haujasikilizwa, na kwamba kila mja mzito asikilizwe walau mara moja mapema. Tunaziomba skuli zimpeleke kwa bibi afya mtoto mwenye koo na homa, badala ya kumrudisha nyumbani na kumhesabia utoro. Wakuu wa maofisi nao wakubali barua moja ya daktari kwa mgonjwa anayefuata sindano kila mwezi, wasimdai cheti kipya kila mara kama mshukiwa.

La mwisho ni orodha ya wagonjwa, inayotaja nani anapata sindano, lini inatakiwa tena, na nani hakutokea. Sheha anayezijua nyumba za shehia yake anaweza kumtafuta asiyetokea kabla mwezi haujapinduka. Tungependa orodha hiyo ifunguliwe kwanza Pemba, ambako kwa wengi njia ya kumfikia daktari wa moyo huanzia bandarini, na boti isiposafiri sindano nayo haimfikii mgonjwa.