Nani Amlinde Msomaji Mdogo?

Ndugu vijana, wasimamizi wengi wa maktaba na vyumba vya kusomea husema: "Kila mzazi na amwangalie mtoto wake." Kusema hivyo ni kunawa mikono kama Pilato. Katika Ituri yetu, vita vilivyowaka Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017 vimetawanya jamaa nyingi. Mtoto anayelala kambini, ataitiwa mzazi yupi? Na kumkataza asiingie peke yake ni kumnyima kitabu yule anayekihitaji kuliko wote.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 humhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18. Naye Papa Fransisko, katika barua yake Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, alimtaja pamoja na watoto mtu ambaye ugonjwa au ulemavu wamzuia kujitetea. Basi hata mzee mwenye akili iliyochoka, aketiye pembeni na gazeti lake, ana haki ya kulindwa.

Wako wasemao kwamba ulinzi utawafukuza wasomaji. Kinachomfukuza mtoto ni hofu, na hofu huzaliwa pasipo na shahidi. Wahenga walinena: mkono mmoja haulei mwana. Wawepo watu wazima wawili kila zamu, mlango uwe wazi, daftari la kuingia na kutoka liandikwe, na mtoto asiachwe faraghani na mtu mzima mmoja, hata akiwa katekista.

Kabla ya kufungua kabati la vitabu, ulizeni: zamu ya leo ni ya nani na nani?