Debe tupu, au debe halijafunuliwa?

Najua nimepotea, mpaka mama kanipigia Jumapili kuniuliza kama nimehama mji. Sijahama. Ni zamu za usiku tu, nne mfululizo, ukizimaliza hata jina lako unalisahau. Leo nimepumzika, chai ya tangawizi iko mezani, nje mvua ile ile ya Uingereza, basi nikaona niandike jambo linalonikera tangu wiki iliyopita.

Mnamfahamu mtoto wa kaka anayesoma kompyuta Dodoma. Kanitumia programu anayoitengenezea zahanati moja, eti "Shangazi, wewe nesi, hebu iangalie." Mwenzenu nilijifunza Python kidogo mwaka juzi, baridi iliponifungia ndani, kwa hiyo nikajifanya fundi. Kazi ni nzuri, nampongeza. Ila nikakutana na mistari hii miwili:

if not mzio:
    print("Hana mzio")

Kwa wasiojua, mzio ndiyo aleji. Kwenye Python kuna kitu tunaweza kukiita kamusi: upande mmoja jina, mfano "penisilini", upande wa pili maelezo yake, "huvimba midomo". Mstari wa kwanza unauliza kama kamusi ya mgonjwa ni tupu. Ikiwa tupu, kompyuta inatangaza kuwa hana mzio.

Nikampigia simu. Akanijibu, "Lakini shangazi, tupu si tupu tu?"

Si tupu tu! Tulipokuwa wadogo mama akimtuma kaka (ndiyo, baba yake huyo huyo) akaangalie unga jikoni, alikuwa anajibu "umekwisha" bila kufunua debe. Tunachemshiwa viazi, kesho yake unga unakutwa nusu debe.

Lakini viazi havimuui mtu. Kuna usiku mmoja tulipokea mzee mwenye nimonia, homa kali, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mahali pa mzio kwenye kompyuta palikuwa peupe, mkononi hana bangili nyekundu ambayo hospitali nyingi hapa humvalisha mwenye mzio. Daktari akaandika antibayotiki ya ukoo wa penisilini. Dawa nimeshaichanganya, nikauliza tu, "Hivi nani alimuuliza?" Kimya. Kila mmoja aliona pamekaa peupe akadhani mwenzake ameuliza. Saa nane usiku nikampigia binti yake. Akasema baba alipokuwa kijana alichomwa penisilini, akavimba koo, nusura afe. Dawa ikabadilishwa. Mimi nikaenda kukaa chumba cha chai, mikono inatetemeka.

Ndiyo maana taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba hapa, ilisema mwaka 2014 kwamba hali ya mzio wa dawa iandikwe kwa moja ya majibu matatu: ana mzio, hakuna unaojulikana, au imeshindikana kujua. Kuacha peupe si mojawapo.

Sasa Python, ukiiuliza "if not mzio", inajibu ndiyo kwa kamusi tupu, na inajibu ndiyo vile vile kwa None, yaani hakuna kamusi kabisa. Kijana akasema basi atatenganisha, aulize kwanza "mzio is None". Vizuri, ila haitoshi, kwa sababu programu yake ikimsajili mgonjwa mpya inampa kamusi tupu hapo hapo, kabla hajakaa hata kwenye benchi! Tupu ya namna hiyo haijui kama mtu ameulizwa. Na karani akiandika "penisilini" halafu maelezo akaacha deshi, kamusi si tupu tena, lakini umejua nini?

(JavaScript nayo ina vituko vyake. Huko kitu kitupu kinahesabiwa kuwa kipo, mpaka uhesabu majina yaliyomo kwa Object.keys ndipo upate sifuri. Nimeacha, kichwa kinauma.)

Maoni yangu, na nimemwambia hivyo: kuangalia kama kamusi ni tupu ni sawa ukitaka kujua kama kuna cha kuorodhesha kwenye skrini. Kumwambia daktari "hana mzio" ni jambo jingine. Hilo liwe na mahali pake: ameulizwa au hajaulizwa, nani kauliza, tarehe gani. Asipoulizwa, skrini iandike HAJAULIZWA kwa rangi nyekundu, na nesi akereke kila akiiona. Kukereka ndiyo kazi yetu.

Kabisha kidogo, wanaume wa ukoo wetu mnawajua, kisha jana usiku kanitumia toleo jipya. HAJAULIZWA ipo, nyekundu kabisa. Tarehe bado hajaweka, namsubiri.

Kaka, ukisoma hapa usinune kwa sababu ya debe. Mama anakumbuka mengine zaidi. Nalala sasa, kesho zamu inaanza saa moja asubuhi.