Nani Atajibu Mvua Ikikosa?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu, Nairobi

KUH: MIPANGO YA KUFIFISHA JUA ILI KUPOZA DUNIA

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Mwala, Kaunti ya Machakos. Ninalima mahindi, mbaazi na ndengu, na ninaandika pale shamba linaponipa nafasi. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linahusu anga, ambalo halina hatimiliki ya mtu, na kwa sababu limejadiliwa Gigiri, mwendo wa asubuhi moja kwa matatu kutoka hapa, bila watu wa huku kuulizwa wala kuambiwa.

Machi 2019, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, Uswisi na nchi kadhaa zilizoiunga mkono zilipendekeza ufanywe uchunguzi wa teknolojia za kuigeuza tabianchi kwa makusudi na namna ya kuzisimamia. Marekani na Saudi Arabia zilikataa, pendekezo likaondolewa. Februari 2024 Uswisi ilirudi na ombi la kuundwa kundi la wataalamu wa kutazama mbinu za kupunguza mwanga wa jua unaotufikia. Safari hii nchi za Afrika zilisimama pamoja na kusema mbinu hizo zisitumike kabisa, na nyingine kama Colombia na Mexico zikawa upande huo. Maafikiano hayakupatikana, pendekezo likaondolewa tena. Wajumbe walikwenda zao uwanja wa ndege, na huku kwetu habari iliwafikia wachache waliotokea kuisoma kwa Kiingereza.

Wewe unaijua mada hii, lakini barua ni ya wazi, basi niieleze kwa faida ya wengine. Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka na kurusha juu kiasi cha tani milioni 15 za gesi ya salfa dayoksaidi. Gesi hiyo iligeuka chembechembe ndogo zilizotanda juu ya mawingu na kurudisha angani sehemu ya mwanga wa jua. Mwaka uliofuata joto la dunia lilishuka kwa karibu nusu digrii. Kutokana na hapo wako wanasayansi waliosema kwamba ndege maalumu zinaweza kufanya kazi ya mlima huo, zikipanda hadi kilomita 20 hivi na kumwaga salfa mwaka baada ya mwaka. Joto lingeshuka. Juu ya hilo sibishani nao.

Kinachonitia hofu kwanza ni bei, na si kwa sababu ni kubwa. Mwaka 2018 watafiti wawili, Wake Smith na Gernot Wagner, walikadiria kwamba kwa miaka 15 ya mwanzo kazi hiyo ingegharimu wastani wa dola bilioni 2.25 kwa mwaka. Kwa shilingi zetu ni kama bilioni 290. Serikali kuu iliridhia kuzigawia kaunti zetu 47 bilioni 415 katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Kwa maneno mengine, nchi moja ya wastani, au tajiri mmoja mwenye kiburi cha kutosha, anaweza kumudu kulipunguza jua la dunia nzima kwa pesa zisizofika zile tunazogombania kila mwaka kati ya Seneti na Bunge la Taifa. Kupunguza moshi wa viwanda na magari ni kazi ya mataifa yote na kunachukua vizazi. Hili halihitaji ruhusa ya jirani.

Wenye hesabu hiyo walihesabu ndege, marubani na mafuta. Mvua yangu haimo.

Mheshimiwa, mtu wa Nairobi akisema "msimu wa mvua" huwa anafikiria Machi hadi Mei. Sisi Ukambani tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Katumani, hapa Machakos, kilitutolea miaka ya 1960 mahindi yanayokomaa haraka, yawahi kabla mvua haijakata. Mvua hii ya mwisho wa mwaka inaongozwa na joto la Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu wa magharibi yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, tunapata mvua, wakati mwingine ya kutuzamisha kama 2019. Hali ikigeuka tunapata ukame. Tofauti yenyewe ni ya digrii moja hivi, pengine pungufu. Sasa mtu akishusha joto la sayari nzima kwa kufifisha jua, bahari haipoi sawasawa kila mahali, na hakuna anayeweza kuniahidi kwamba mizani hiyo itabaki kama ilivyo.

Hili si wasiwasi wa mkulima asiyesoma. Mwaka 2013 Jim Haywood na wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu Sahel. Walikuta kwamba kati ya miaka minne iliyokuwa mikavu zaidi huko tangu 1900 hadi 2010, mitatu ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya volkano upande wa kaskazini wa dunia. Kompyuta zao zilionyesha kwamba ukimwaga chembechembe kaskazini peke yake, Sahel inakauka. Ukimwaga kusini peke yake, inapata mvua zaidi. Kwa hiyo anayeamua ndege iruke wapi ndiye anayeamua nani avune. Machakos si Sahel, na sitaki kudai yao ndiyo yatakayotupata. Nataka tu ujue kwamba uamuzi wa aina hiyo upo, na utafanywa na mtu asiyejua Mwala iko wapi.

Tangu mwisho wa 2020 tulipoteza misimu mitano mfululizo. Kisha mwaka 2024 mafuriko yakazoa watu na nyumba, Athi River ikiwemo. Katika hali ya hewa ya namna hii, mvua ikikosa Oktoba, nitathibitishaje kwamba iliondolewa na ndege za watu? Nao watathibitishaje kwamba hawakuiondoa? Ng'ombe wangu akiuawa na simba, sheria ya wanyamapori ya 2013 angalau inataja fidia (kulipwa ni hadithi nyingine, unaijua). Msimu ukiuawa, hakuna fomu ya kujaza, hakuna mahakama ya kupeleka kesi, wala hakuna shahidi.

Kenya yenyewe iliwahi kulionja jambo hili kwa kiasi kidogo. Miaka ya 1960, huko Kericho, mvua ya mawe ilipokuwa ikichanachana majani ya chai, maroketi yalirushwa mawinguni, na baadaye ndege zikatumwa kumwaga kemikali ili mawe yasikue makubwa. Yalikuwa mashamba ya eneo moja, na mvua ya saa chache. Hata hivyo, hadi leo wataalamu wa dunia hawajakubaliana kama njia hiyo inapunguza mvua ya mawe kweli. Ikiwa wingu moja la Kericho lilitushinda kulitolea ushahidi, sembuse anga la dunia nzima.

Kuna la pili, nalo ni la muda. Chembechembe hizo hushuka baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo lazima zimwagwe bila kukoma. Wakati huo hewa ya ukaa inaendelea kurundikana, maana kufifisha jua hakuiondoi hata kidogo, na bahari inaendelea kuwa na asidi, jambo ambalo wavuvi na matumbawe ya Kwale na Lamu watalihisi kabla yetu. Siku kazi ikisimama kwa vita, au kwa kufilisika, au kwa uchaguzi tu, joto lililokuwa limezuiwa linarudi kwa kishindo ndani ya miaka kumi au ishirini, kasi ambayo hakuna mbegu ya Katumani itakayoimudu. Kumbuka Marekani ilitia saini ya kujitoa katika Mkataba wa Paris kwa mara ya pili Januari 2025, siku ile ile rais alipoapishwa. Hao ndio tunaotegemea waendelee kurusha ndege kwa miaka mia?

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Wanaotetea utafiti huu, wakiwemo wanasayansi Waafrika, wanasema joto lenyewe linaua, na kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza wastani wa joto la dunia kupita digrii 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda. Wanasema kukataa kujua hakumlindi mtu. Nakubaliana nao hapo. Vijana wetu wa vyuo vikuu wakitaka kuiga mambo haya kwenye kompyuta na kutuambia yatafanya nini kwa mvua ya Oktoba, wapewe pesa na vyombo. Bora waliojifunza wawe wetu kuliko tuletewe ripoti iliyoandikwa kwingine. Ninachokataa ni kumwaga.

Na ninakataa kwa sababu Machakos ina kumbukumbu. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Ukambani ukichukuliwa na maji. Mwaka 1937 afisa wake wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha juu ya mmomonyoko wa hapa, na mengi aliyoyaona yalikuwa ya kweli: makorongo yalikuwepo, majani hayakuwepo. Dawa iliyoamuliwa ni kupunguza mifugo. Mwaka 1938 ng'ombe wa watu walikamatwa na kuuzwa kwa nguvu, na kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kilikuwa tayari kuwanunua kwa bei ya chini. Julai mwaka huo zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, waliandamana hadi Nairobi wakapiga kambi, wakisema hawaondoki bila kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Wengi hukomea hapo wanaposimulia. Kwangu kisa kinanoga baadaye. Udongo ule uliookolewa, ulitengenezwa na nani? Matuta yaliyochimbwa kwa amri ya chifu, watu waliyaacha bila kuyatunza uhuru ulipokaribia. Baada ya uhuru watu wale wale walirudi wakachimba kwa hiari, wakichagua matuta ya fanya juu (udongo ukitupwa upande wa juu) badala ya aina waliyolazimishwa, vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, vikipokezana mashamba, wanawake wakiwa wengi, pesa zikitoka kwa mazao na kwa jamaa waliokuwa wakifanya kazi mjini. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliyaandika hayo katika kitabu cha mwaka 1994. Watu wa wilaya ya Machakos ya zamani, ikiwemo Makueni ya leo, waliongezeka kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulipungua. Maher alikuwa sahihi juu ya ugonjwa. Waliokosea ni walioamini kwamba mwenye ng'ombe hana neno la kusema.

Wauza jua wa leo wana dalili za walewale, tena wengine hawana hata ripoti. Mwaka 2022 kampuni moja changa ya Marekani, Make Sunsets, ilirusha baluni zenye salfa kutoka Mexico, ikaanza kuuza kwenye mtandao ilichokiita vocha za kupoza. Januari 2023 Mexico ilitangaza itapiga marufuku majaribio hayo. Chuo kikuu cha Harvard nacho kilitaka kurusha baluni ya majaribio karibu na Kiruna, Uswidi. Wasami, wafugaji wa kulungu wa huko, walipinga. Jaribio likaahirishwa mwaka 2021, na mradi mzima ukafungwa 2024. Wafugaji waliisimamisha Harvard, Mheshimiwa. Huku kwetu tungeisikia baluni ikishaanguka.

Nayasema haya kwako kwa sababu nchi yetu imekwisha kufungua soko. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yaliyopitishwa 2023 yaliweka utaratibu wa biashara ya kaboni, na kwa miradi ya ardhi jamii inatakiwa kupata angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama. Hilo ni jema likitekelezwa. Lakini mahali palipo na soko, muuzaji wa bidhaa mpya hachelewi. Naomba sheria hiyo iongezewe kifungu kinachokataza majaribio ya kufifisha jua katika ardhi, bahari na anga la Kenya, na kukataza vocha zake zisiuzwe wala kuhesabiwa kama punguzo la kaboni. Mawaziri wa mazingira wa Afrika waliokutana Addis Ababa Agosti 2023 walitaka uwepo utaratibu wa dunia wa kutotumia teknolojia hii. Msimamo wa bara bila sheria ya nyumbani ni rahisi kuusahau akija mwekezaji na hundi.

Naomba pia, kabla ya wajumbe wetu kwenda tena Gigiri kuizungumzia mada hii, wizara ifanye mabaraza Machakos, Kitui na Makueni, kwa Kiswahili na Kikamba, na iwaite maafisa wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa waje na ramani zao. Wazee watauliza maswali magumu. Wana majina ya kiangazi tangu Ngomanisye ya 1898, wanajua mvua ilikataa lini na watu walikula nini.

Mwisho, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba, naomba nakala ya maagizo ambayo wizara iliwapa wajumbe wa Kenya kuhusu suala hili mwaka 2019 na mwaka 2024, na jina la idara yenye mamlaka ya kutoa au kunyima kibali mtu akitaka kurusha baluni ya salfa kutoka shamba lolote la Kenya. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa wizara siku 21 za kujibu. Nitaleta ombi hilo pia kwa fomu, mkono kwa mkono.

Wako mwaminifu,

Mkulima, Mwala
Kaunti ya Machakos